Bendi ya Mkono wa Kushoto

Komini Kenya, Lubumbashi
Jioni ya kuamkia safari yako

Aziza mwanangu,

Nakusikia chumbani ukifunga begi na kulifungua, mara ya tatu sasa, na najua kinachokushinda ni vile viatu vya mvua ambavyo baba yako ameapa lazima ufike navyo kazini Pweto. Mimi usinitie humo. Mambo ya viatu, ya chandarua, ya maji ya kuchemsha, ya kutokubali kukaa juu ya mizigo lori likipanda mlima, yote hayo atakueleza yeye kesho mpaka dereva awashe gari. Na wewe ni mkunga mwenye diploma yako. Kwa habari ya maji ya kuchemsha, wewe ndiwe wa kutufundisha sisi.

Nakuandikia kwa sababu kwa mdomo nimeshindwa. Wiki nzima nimejaribu. Jumatatu nilikuita ukiwa unaanua nguo, ukaja, ukasimama, ukaitika vizuri, nami nikakuuliza kama umekula. Unajua mama yako si mtu wa kukosa maneno. Sokoni wananiita redio, na si kwa kunisifu. Lakini kwako wewe, miaka tisa hii, maneno yangu yanafika kwenye meno na kurudi tumboni. Nawe unanijibu kwa adabu, ndiyo mama, asante mama, kama mteja anayengoja koti lake. Adabu hiyo inaniuma kuliko ungenitukana. Naogopa utaondoka nayo kesho, ukae nayo huko ziwani, urudi nayo mwakani ikiwa imeshakomaa. Ndiyo sababu nimekaa kwenye meza ya kukatia, nimesukuma mikasi pembeni, nimechana karatasi kwenye daftari la vipimo.

Jambo lenyewe ni koti lako la ngozi. Ulilitundika kwenye msumari wa karakana Ijumaa, ukasema bendi zake za kufumwa, za mikononi na kiunoni, zimechoka, kama nina nafasi niziangalie kabla ya safari, maana ukishuka Kasomeno na kupanda lori, baridi na vumbi vitakuingia mikononi. Ukaenda zako. Nililishusha Jumamosi baada ya chai, nikalilaza mezani, na nilichokiona kilinikalisha chini. Lakini ili uelewe kwa nini, lazima kwanza nikurudishe kwenye kazi hii ya kufuma, kazi uliyoikimbia ukiwa na miaka kumi na minne. Mengi yake sikuwahi kukueleza. Nilikufundisha kuhesabu vitanzi tu, sikukufundisha kile kinachonifanya nipende kuamka asubuhi.

Ulikuwa hujazaliwa. Baba yako alikuwa fundi wa viatu na mabegi, mimi nafuma vikofia na soksi za watoto wachanga. Siku moja mwuza mitumba wa hapa sokoni alifungua balo la makoti ya baridi, na ndani yake akakuta matano ya ngozi, mafupi, yenye zipu mbele, yale makoti ya marubani wa zamani. Ngozi ilikuwa nzima na nzito, imeng'aa kwenye viwiko kwa kuvaliwa. Lakini zile sehemu za kufumwa, bendi mbili zinazobana mikononi na moja inayobana kiunoni, zilikuwa zimeisha. Nondo wamekula, uzi umelegea, nyingine zinaning'inia. Yule mwuzaji alitaka kuzikata zote ayauze makoti bila bendi. Baba yako akamwambia angoje, akaniletea koti moja nyumbani, akaniuliza kama naweza kufuma kitu kama kile. Nikamjibu kwani kuna nini hapo, ni sweta tu. Kiburi cha mtu wa vikofia.

Bendi ya kiuno ya kwanza niliifuma sawasawa na upana wa ngozi, sentimita kwa sentimita, nikajiona nimepima kuliko mafundi wote wa Katanga. Mwenye koti alikuwa mmoja wa wale vijana wanaopiga pasi hata kamba za viatu. Akalivaa, akageuka mbele ya kioo, na bendi ikamwagika kiunoni yote. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Mama, sasa ile njo koti ao njo jupe?" Baba yako akatoka nje kwenda kucheka, maana sketi ile kweli ilikuwa imekosa maua tu. Kuanzia hapo nikajua bendi hupimwa ikiwa imelala, haivutwi, na lazima iwe fupi kuliko ngozi. Wakati wa kuishona ndipo unaivuta kidogo kidogo, nayo baadaye inalivuta koti limkae mtu mwilini.

Kosa la pili hatukulicheka. Kitambaa ukikichoma sindano na kuitoa, nyuzi zinarudiana. Ngozi haifungi tundu lake. Mimi nikaishona bendi mpya kando ya mstari wa zamani, matundu mapya karibu na yale ya kwanza, na mwenye koti alipoinua mkono kumwita mtu barabarani, ngozi ikaachana kama karatasi ya daftari. Tangu siku ile napitisha sindano kwenye tundu lile lile alilotoboa fundi wa kwanza, moja baada ya jingine, hata macho yakitoka machozi. Na ukifanya hivyo, mwanangu, unaanza kumjua yule fundi. Hapa alikuwa na haraka, ameruka. Hapa alichoka, mishono ikawa mirefu. Hapa labda alikwenda kula, maana akirudi mkono wake umetulia. Unamfuata mtu ambaye hujui hata nchi yake, na unajikuta unamwuliza maswali. Hapo ndipo udadisi uliponishika, na haujaniachia mpaka leo.

Hata uzi nilikuwa nautafuta kwa udadisi. Uzi mpya wa dukani unateleza na unang'aa mno, ukiuweka kwenye ngozi ya miaka mingi unaonekana kama meno ya kununua. Kwa hiyo nilikuwa nanunua masweta ya mitumba ya sufu halisi, yaliyotoboka, nayafumua, nauosha uzi, nauanika na jiwe chini yake ili unyooke, kisha unazungushwa mabonge. Kazi ya mabonge ilikuwa yako. Ulikuwa na miaka mitano, umekaa kwenye mkeka mlangoni, na mabonge yako yote yalizungushwa kinyume na yangu. Uzi ukawa unanijia upande nisioutarajia. Mimi nikayachukua moja moja, nikayazungusha upya, nikakurudishia na kukuambia, hivi ndivyo. Sikujiuliza kwa nini yote yalikuwa kinyume, yote, bila hata moja kukosea. Fundi anayesoma mishono ya watu wa Ulaya alikuwa na ishara hiyo miguuni pake na akaipita.

Maana kusoma nilijua. Bendi iliyochakaa inasema kuliko mwenye koti. Mwendesha pikipiki humaliza ya kulia upande wa kidole gumba, kwa kuvuta na kuachia mafuta. Mtu wa ofisi humaliza ya chini, pale mkono unaposuguana na meza. Mtu mwenye wasiwasi huvuta ukingo na kuuficha kiganjani, kwa hiyo unapanuka na haurudi tena. Tulikuwa na mchezo, mimi na baba yako: koti likifika, kabla ya kugusa wembe, kila mmoja abahatishe mwenye koti alikuwa mtu gani. Yeye daima alisema ni mlevi. Mimi nilikuwa natoa habari nzima, na ndoa yake, na watoto.

Likaja koti moja wakati una miaka minane. Bendi ya kushoto imeisha mpaka kwenye ngozi, ya kulia kama imetoka dukani. Na kwenye ile ya kushoto, upande wa chini, doa refu la wino wa buluu. Nilisimama. Nikamwambia baba yako, huyu aliandika kwa mkono wa kushoto, na mkono wake ulikuwa unaifuata kalamu na kufuta alichoandika. Nililiacha lile koti wiki mbili sikulifumua. Nilitaka kujua. Zipu alikuwa anafungaje? Kama kweli alirusha ndege, usukani wake aliushika namna gani? Shuleni walimfanyaje? Niliwasimulia wateja, nikawasimulia majirani, nikafika hatua ya kulivaa mwenyewe na kuandika jina langu kwa kushoto ili nione doa linaangukia wapi.

Wiki zile zile mbili, Aziza, kwenye meza hii hii, nilikuwa nakufumia wewe kile kitu.

Hatujakitaja tangu siku ulipoondoka mezani. Leo nakitaja chote, nisije nikakificha ndani ya neno moja. Ulikuwa unanisaidia kuwapa wateja makoti yao, na siku moja ulimnyooshea mzee mmoja mfanyabiashara koti lake kwa mkono wa kushoto. Alikuwa mtu wa kwetu, wa Maniema, aliyemjua mama yangu mzazi. Hakulipokea. Alingoja mpaka nilipolitoa mkononi mwako na kumpa mimi kwa kulia, ndipo akashika, akaniuliza, "Mama, huyu mutoto hamukumufundisha?" Masikio yaliniwaka kwa aibu. Mama yangu alinilea na maneno hayo, kwamba mkono wa kushoto haumpi mtu kitu, na kwamba samaki mkunje angali mbichi. Basi nikaamua kukukunja.

Mama wengine hufunga mkono wa mtoto kwa kitambaa, wengine hupiga vidole kwa mwiko. Mimi ni fundi wa bendi. Nilikufumia bendi ya mkono, vitanzi viwili juu viwili chini, kwa sufu nzuri ya rangi ya kahawa iliyobaki kwenye kazi ya mtu, ikibana vizuri kwenye kifundo. Lakini badala ya kuacha mdomo wazi vidole vitoke, niliendelea mbele, nikapunguza vitanzi kidogo kidogo, kama ninavyomaliza kofia ya mtoto mchanga, nikaifunga juu. Ikawa mfuko. Kila ulipokaa mezani kujifunza nilikuvisha mkono wa kushoto, na kwenye kifundo nikaweka kifungo usichoweza kukifungua kwa mkono mmoja. Haikuwa na mshono hata mmoja. Niliwaonyesha wenzangu wafumaji, wakaigeuza huku na huku, wakasifu. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba nilijivunia ufundi wake.

Uliivaa msimu mzima wa baridi, mpaka mvua zikaanza. Wateja walicheka, mwanzoni ulicheka nao, halafu ukaacha. Nilikaa ubavuni mwako, bega kwa bega, nikakuambia tazama mikono ya mama, ukatazama, ukatoa kamba iliyopinda. Nikafumua. Ukaanza tena. Nikafumua. Hata nilipouweka ule mfuko kabatini, hilo la kufumua sikuliacha.

Baada ya muda ukanyooka, au mimi niliona hivyo. Ulikula kwa kulia, uliandika kwa kulia, ulipokea kwa kulia. Na mchana mmoja, una miaka kumi na minne, nilikuwa nimefumua bendi yako mara ya tatu siku hiyo, ukaziweka sindano mezani taratibu, moja kando ya nyingine, ukasema, "Mama, mi haiko koti." Kwamba wewe si koti, ni hayo tu. Baba yako aliinua kichwa kwenye cherehani. Mimi nikadhani ni utundu wa umri, nikakuambia nenda kapumzike, utaendelea kesho. Hukuendelea kesho wala kesho kutwa. Ukahamia kwenye vitabu, ukaingia shule, ukawa mkunga, na mimi huku nikiendelea kuwatambia kina mama wa jirani kwamba Aziza wangu alizaliwa wa kushoto nikamnyoosha.

Sasa rudi nami kwenye Jumamosi. Koti hili baba yako alikupa ulipoanza masomo ya ukunga, uwahi zamu za alfajiri juu ya pikipiki za watu bila kuganda. Bendi zake nilizifuma mimi, zote mbili siku moja, uzi mmoja. Nililaza koti mezani, na kwa mazoea tu, bila kufikiri koti ni la nani, mdomo wangu ukaanza mchezo wa zamani. Ya kulia ilikuwa nzima. Ya kushoto imeisha ukingoni, imeisha chini, na kwenye mkunjo kuna wino na doa la ile dawa ya rangi ya kutu mnayopaka kwenye vidonda. Nikasema kwa sauti, "Huyu iko muntu wa kushoto." Baba yako akaacha kazi. Alinitazama tu mpaka nikasikia nilichokisema.

Miaka mitatu ya koti, na pengine kumi na mitano ya maisha. Hapa nyumbani umekuwa ukiishi kwa mkono wa kulia, na ukivuka kizingiti unarudi kwenye wako. Nje unaandika kwa kushoto, unashika mikasi kwa kushoto, unapokea watoto wa watu kwa kushoto. Mbele yangu unashika kijiko kama mgeni aliyefundishwa desturi za nyumba. Nilimwuliza baba yako kama alijua. Akasema alijua siku nyingi, alikuona kwenye kituo cha pikipiki ukimwandikia mtu namba ya simu. Nikamwuliza mbona hakuniambia.

"Haukuulizaka," akasema.

Na ni kweli. Mimi ninayeyauliza makoti ya watu waliokwisha kufa, sikukuuliza wewe uliyekuwa unakula sahani moja na mimi. Nilijisikia mjinga, halafu nikajisikia vibaya kabisa, vibaya kiasi cha kushindwa kula.

Kukasirika nilitaka kidogo, nisikudanganye. Lakini udadisi uliniwahi. Jumapili, ulipokwenda kuwaaga rafiki zako, nilichukua sindano nikazibadilisha mikono. Nilitaka kujua ilikuwaje. Kidole changu cha kushoto hakikujua hata uzi uko wapi. Shingo ilikaza, ulimi ukatoka nje kama wa mtoto wa darasa la kwanza. Saa nzima, vitanzi kumi na viwili, na viwili kati ya hivyo vilikuwa vimeanguka. Baba yako alicheka, nami nikacheka, kisha nikalia, kwa sababu mimi ni mtu mzima wa miaka hamsini na moja na hakuna aliyekuwa amekaa ubavuni mwangu akinifumulia.

Jumatatu nikafanya jambo jingine. Kile kioo kikubwa cha wateja nilikihamisha, nikakiweka mbele yangu, nikafuma kwa namna yangu ya kila siku huku nikitazama kioo. Na mle ndani kulikuwa na mwanamke anayefuma kwa kushoto, haraka, vizuri, bila kuhangaika. Nilimtazama muda mrefu sana. Nikaelewa kitu ambacho ningekielewa siku ya kwanza kama ningetaka kujua: mtoto wa kushoto hakalishwi ubavuni mwako. Anakalishwa mbele yako. Kilicho kulia kwako kinakuwa kushoto kwake, anaifuata mikono yako kama anavyofuata kioo, na kazi imekwisha. Meza hii ina pande nne, Aziza. Miaka sita nilikukalisha upande usiofaa, na juu yake mfuko wa sufu, wakati dawa yote ilikuwa ni mimi kuhamisha kiti changu.

Koti lako liko tayari. Bendi ya kiuno nimeibadilisha, ya kulia sikuigusa kwa sababu haina kosa. Za kushoto nimefuma mbili. Moja ni kazi yangu ya kawaida, huwezi kuitofautisha na ya dukani. Nyingine niliifuma kwa mkono wa kushoto, kuanzia Jumanne mpaka jana, na imepinda, mistari yake inatembea kama mtu aliyetoka kwenye pombe. Niliyoishona kwenye koti ni iliyopinda. Ni mara ya kwanza katika kazi hii kutoa mbaya nikiwa na nzuri mkononi. Kama unaona haya kuingia nayo Pweto, ile nzuri nimeiweka mfuko wa ndani pamoja na uzi wake, na fundi yeyote ataweza kuibadilisha, mwambie tu apite kwenye matundu ya zamani.

Sasa nina maswali, na naona aibu kwamba nayauliza siku ya mwisho. Mtoto anapotoka, mkono wako upi unakwenda kichwani na upi unangoja mabega? Wenzako wakisimama upande mmoja wa kitanda, wewe unasimama upande gani? Ile mikasi ya kukatia kitovu inakukubali, au unaigeuza? Waliokufundisha walikusumbua, au waliuliza kwenu wanauonaje mkono huo na kukuonea huruma? Je, yuko mama aliyewahi kukuambia usimpokelee mwanawe kwa kushoto? Huko uendako labda atatokea, mtu mzima mwenye sauti, mama mkwe wa mzazi, kama yule mzee wa koti. Nimetafuta jibu la kukupa uende nalo na sikulipata, maana miaka yote hii mimi nilikuwa upande wa yule mzee. Labda wewe unalo tayari. Kama unalo nitapenda kulisikia.

Nasaha sina nyingi. Ukikuta kitu kimechakaa, au kimezungushwa kinyume, au kimeshonwa namna usiyoijua, kitazame kwanza, uulize aliyekifanya alikuwa anatafuta nini. Utakutana na wanawake wenye mambo yao ya uzazi, ya kamba kiunoni, ya majani, ya kutotaja jina, na vidole vitakuwasha kuyafumua yote siku ya kwanza. Mengine yatastahili kufumuliwa, wewe ndiwe utakayejua. Mimi nilifumua kwanza nikatazama baadaye, na umeona ilinichukua muda gani.

Nisamehe, Aziza. Siombi kwa sababu unasafiri, naomba kwa sababu nilikukosea. Nilikufunga mkono mbele za watu ili mzee mmoja asinione vibaya. Nilifumua kazi yako mbele ya macho yako, tena na tena, na nikaita hiyo kufundisha. Nilijisifu kwa kitu kilichokuumiza. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu naona alikuja kwa miguu. Nakupenda kuliko ninavyojua kusema, na hilo nalo nilipaswa kulisema kabla ya leo, badala ya kuuliza kama umekula.

Usinijibu kwa ndiyo mama, asante mama. Kama bado una hasira, niletee. Kama huna la kusema kesho, sawa, safari ni ndefu na barua zinafika hata kutoka Pweto.

Gari linapita saa mbili asubuhi. Baba yako atataka dua, atataka chai, atataka kupima mzigo na kurudia habari ya viatu. Nimemwomba aniachie muda wa saa moja kabla ya hayo yote, na amekubali bila kuuliza. Karatasi hii nitaipitisha chini ya mlango wako, kisha nitaisafisha meza na kuweka viti viwili, kimoja huku na kimoja kule, vitazamane. Sindano zitakuwepo na bonge moja la uzi. Sikuombi urudi kwenye kazi hii, wala hutamaliza bendi yoyote. Anza vitanzi kumi tu, kwa mkono wako. Nimekuzaa na kukulea miaka ishirini na mitatu, na sijawahi kuona unavyofanya. Nataka kuona.

Mama yako